Zamu ya Pumzi

9 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima na goti la mama limepunguza kelele. Mimi kwa mwili sijambo, macho tu ndiyo yamenuna kwa kukodolea kompyuta. Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Tangu simu yako itumbukie kwenye kinu cha kukandia unga, njia ya kukupata ni kupitia simu ya mama, na kwa mama unaulizwa umekula nini, umelala vipi, mpaka salio linakata hujasema kilichokufanya upige. Dereva wa lori lenu anashusha biskuti kwenye duka la jumla lililo mbele ya chumba nilichopanga. Amekubali kuwa tarishi wetu.

Sasa sikia. Nimeanza mafunzo ya likizo kwenye ile benki. Iko juu ghorofani, tunapanda kwa lifti, na usifikirie benki ya foleni na kaunta. Hapa hakuna anayekuja kuweka wala kutoa. Kampuni kubwa ikitaka kununua kampuni nyingine, inakuja kwetu tuikagulie: hii inafaa, hii haifai, hii ukishaichukua punguza hapa na pale. Tuko wanafunzi kumi kutoka vyuo mbalimbali, na likizo ikiisha watachaguliwa wawili tu wa kuajiriwa. Wenzangu tisa kila mmoja ana baba anayejua mtu. Mimi nina wewe.

Mkubwa wetu ni mwanamke, tumempa jina la Kalamu Nyekundu, ila kimyakimya. Anarudisha ukurasa kwa sababu mstari mmoja umekaa kushoto kuliko mwenzake. Jana alinirudishia kazi mpaka mpiga chapa akanionea huruma. Hafoki, na heri angefoka. Anaweka karatasi mezani na kuondoka, nawe unabaki kuhesabu alama nyekundu huku wenzako wakijifanya hawaoni.

Nina swali moja, na ndilo limenifanya niandike. Nimepewa kiwanda cha biskuti. Jina lake silijui. Hapa kila kazi inapewa jina la bandia ili siri isivuje, na hii yetu inaitwa Kereng'ende. Natakiwa kueleza laini ya kufunga biskuti inahitaji watu wangapi kwa kweli. Wenzangu wanabahatisha. Mimi kaka yangu ni msimamizi wa laini, nibahatishe nina wazimu? Niambie kama unavyojua wewe, si kama karatasi zinavyosema.

Nisalimie mama. Mwambie nakula.

Mdogo wako,
Mziwanda


17 Juni

Mziwanda, bibi wa lifti,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama limehamia begani, anasema linatembea. Barua yako imefika ikiwa na doa la grisi na harufu ya vanila, kwa hiyo tarishi ni mwaminifu.

Nimefurahi kusikia umeingia, na huyo Kalamu Nyekundu asikutishe. Mtu anayepigana na mstari ulioegemea kushoto nyumbani kwake kuna tatizo. Wewe fanya kazi. Wenye baba zao wana baba zao.

Sasa swali lako. Kwenye karatasi laini yangu ni ya watu kumi na wanne. Kwa kweli, mashine ikiwa haijaamka vibaya, kumi na mmoja wanatosha, na bado mmoja wao anapata nafasi ya kupiga soga. Watatu waliobaki wako kwenye zamu ya pumzi. Hiyo hutaikuta kwenye vitabu vyenu. Niliikuta nilipoajiriwa na nitaiacha nikiondoka. Ukisimama kwenye mkanda, tanuri linakuchoma mgongo na vumbi la unga linakujaa puani, ikifika katikati ya zamu miguu imevimba na kifua kimebana. Kwa hiyo watu watatu wanakwenda kukaa stoo ya unga, nyuma ya magunia, wakirudi wanakwenda wengine watatu. Wenye shida tunawaachia wakae zaidi. Yuko Mama Pacha, amejifungua wawili kwa mpigo na akarudi kazini kabla hajaweza kusimama sawasawa. Anakwenda huko kukamua maziwa. Yuko Mzee Foronya, tumemwita hivyo kwa sababu humkuti stoo bila gunia tupu chini ya kichwa. Kifua chake kimekula unga kuliko hizo biskuti zenyewe, akisimama mfululizo anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Meneja akielekea upande wetu, mimi napiga mluzi. Mpaka afike, wote kumi na wanne wako kwenye mkanda, na Foronya anamwamkia kwa adabu kuliko wote. Katoni zetu hazijawahi kupungua. Meneja mwenyewe anatusifu kwenye vikao, anasema laini ya pili ina nidhamu. Tunavunjika mbavu.

Haya nakwambia wewe mdogo wangu, siambii benki. Usimwage mtama kwenye kuku wengi.

Kaka yako


26 Juni

Kaka,

Shikamoo sana, tena leo napiga magoti kabisa. Natumaini mko salama. Mimi niko salama na nimenenepa ghafla, si kwa chakula.

Imetokea hivi. Tulikaa kikao, kila mwanafunzi akaeleza sehemu yake. Wenzangu wamesoma yaleyale kwenye mtandao, kila mtu anasema mashine mpya, mashine mpya. Ilipofika zamu yangu nikasema mashine ziacheni, angalieni nani amekaa wapi. Nikaeleza kwamba laini ya watu kumi na wanne huendeshwa na kumi na mmoja, na wengine wako stoo wakipokezana, na mkubwa haoni kwa sababu msimamizi anatoa ishara kwa mluzi. Kalamu Nyekundu akaniuliza nimelijuaje hilo. Nikasema nimekulia karibu na watu wa kiwandani. Alichukua kalamu yake, nikajua nimekwisha, akaandika pembeni "vizuri" na kupiga mstari chini yake.

Usikasirike. Sikutaja kiwanda wala mtu. Viwanda vya biskuti viko tele, na nadhani kila kimoja kina stoo na kina mluzi wake. Tangu siku hiyo nimehamishiwa kwenye meza ya watu walioajiriwa, na yule mwenzangu ambaye baba yake anacheza tenisi na wakubwa ameanza kuniita kwa jina langu. Kaka, umenipitisha mahali ambapo ningekwama. Sisahau.

Mdogo wako,
Mziwanda


4 Julai

Mziwanda,

Marahaba. Huku tunaendelea. Nimemsomea mama ule mstari wa sifa mara mbili, akasema huyo aliyeandika "vizuri" angeandika hata "vizuri sana", kwani wino wake unauzwa?

Mimi nilikuambia usimwage mtama, umemwaga. Basi, umewamwagia kuku wa mbali. Yamekwisha.

Ila nina jambo, na hili nataka ulijibu bila mzaha. Tangu mwenye kiwanda alipofariki, watoto wake hawaelewani. Wiki iliyopita walikuja watu wenye suti kupiga picha lango, paa na matanuri. Inasemekana tunauzwa. Meneja ukimuuliza anazungumzia hali ya hewa. Watu wangu wanajua nina mdogo wangu kwenye benki inayohusika na mambo ya kununua viwanda, na kila chai ikinywewa swali ni hilohilo: mtoto wetu anasemaje? Hawajawahi kukuona, lakini tayari wewe ni mtoto wao. Foronya ameniambia nikusalimie na nikuulize kama huko juu hewa ni nzuri.

Hili si la udaku. Mama Pacha amepata nafasi ya kupika kwenye shule ya bweni. Kazi ya kukaa, jikoni, watoto karibu. Wanataka jibu lake katikati ya mwezi huu, la sivyo wanamchukua mwingine. Yeye anapenda kubaki hapa kwa sababu ameshazoeana na sisi na ni karibu na kwake. Ameniambia, "Wewe ukiniambia tuko salama, naikataa ile ya shule." Ameniwekea mzigo huo mimi, nami nauweka kwako.

Kama umesikia lolote, niandikie ndiyo. Kama hujasikia, niandikie siyo. Sitauliza zaidi.

Kaka yako


11 Julai

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima nyote, na bega la mama limepona. Huku joto limezidi, lakini ofisini kuna baridi hadi tunavaa masweta. Kazi ni nyingi mno, naandika nikiwa nimesimama, dereva ananipigia honi.

Jibu la swali lako ni siyo. Sijasikia chochote. Watu wafanye kazi zao kwa amani.

Msalimie mama sana.

Mdogo wako


29 Julai

Mziwanda,

Hujambo. Mama hajambo. Mimi sijui.

Nilikuona. Najua na wewe uliniona, kwa hiyo naandika ili kila mmoja wetu ajue mwenzake ameona nini.

Meneja alisema watakuja wageni wa ukaguzi. Mkaingia watano, makoti meupe, kofia za wavu, wewe wa tatu, na faili kifuani. Kofia ile haimpendezi mtu yeyote lakini wewe nilikujua kwa unavyotembea. Moyo uliruka, nusura niache mkanda nije. Nikacheka na kukupungia mkono. Macho yako yalinipita yakaenda kwenye saa ya ukutani, yakatulia hapo. Nikajiambia kazi yake ina sheria zake, nisimharibie. Nikaushusha mkono. Mwenzangu akaniuliza nimempungia nani, nikasema nilikuwa nafukuza nzi.

Mkaenda kwenye matanuri. Watatu wangu wakaenda kupumua kama kawaida, maana wageni huwa wanarudi kwa njia ileile ya mbele, yenye sakafu safi. Halafu nikasikia yule mwanamke mwenye kalamu nyekundu anamwambia meneja, "Turudi kwa kupitia stoo ya unga." Meneja akashangaa, akamwambia kule kuna vumbi. Yeye akasema hajali vumbi.

Nikapiga mluzi. Akainua kidole, akamwambia meneja, "Huo ndio wenyewe." Kisha akasukuma mlango. Hakumuuliza mtu mlango uko wapi.

Mama Pacha alikuwa na blauzi wazi, kikombe cha maziwa mkononi. Hakuwahi hata kujifunika. Foronya alikuwa bado anatafuta viatu. Wa tatu alishika ufagio, akafagia hewa. Yule mwanamke akawahesabu kwa ncha ya kalamu, akakugeukia, nawe ukaandika. Mama Pacha alikuwa anakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye mwanamke mdogo mle ndani, nadhani alitegemea utawaambia wanaume wageuke. Uliendelea kuandika.

Tangu siku hiyo Mama Pacha hakamui. Anavumilia mpaka jioni, blauzi imelowa. Ile kazi ya shule aliikataa, siku ileile niliyopata barua yako. Mimi ndiye niliyemwambia tuko salama.

Nakuuliza mara moja tu. Uliponiandikia siyo, ulikuwa unajua ni sisi?

Kaka yako


9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Najua huenda huitikii. Natumaini mama ni mzima.

Nilijua. Nilipokuandikia swali la kwanza sikujua, naapa kwa uhai wa mama. Niliposimama kwenye kile kikao sikujua. Barua yako ya mwanzo wa Julai ilinifikia siku mbili baada ya picha kuletwa mezani, na picha ya kwanza ilikuwa lango lenu, na baiskeli yako imeegemezwa ukutani. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka wakanitafuta.

Kaka, siku ya kwanza tulitia sahihi karatasi. Ukitoa siri unafukuzwa benki, unafukuzwa chuo, na wanaweza kukupeleka mahakamani. Ningekuandikia ndiyo, ungenyamaza? Usiniambie ungenyamaza. Ungemwambia Mama Pacha kabla hujaikunja barua, naye angemwambia Foronya, na ikifika jioni kiwanda kizima kingejua, kisha wangetafuta aliyevujisha. Hawangetafuta mbali. Ungependa niandike siyo au ungependa nirudi nyumbani na begi?

Na mimi nina uchungu wangu. Nyumba nzima mmenisukuma tangu nikiwa mdogo: soma, toka, fika juu, usikae kwenye vumbi kama sisi. Nimefika. Hakuna aliyeniambia kwamba nikifika niangalie chini nione nimemkanyaga nani. Kila siku nakaa na watu wasiojua kwamba gunia la unga lina uzito, na kila siku najifanya kama wao. Ile siku ungeniita, ningelia mbele ya Kalamu Nyekundu, na yote yangekwisha. Niliitazama saa kwa sababu hiyo.

Lakini sikukutupa. Ripoti ya mwisho niliiandika mimi. Nimeandika kwamba msimamizi wa laini ya pili ndiye anayeshikilia uzalishaji wa pale, abaki, na apandishwe cheo. Kalamu Nyekundu hakugusa mstari huo. Nimekulinda kaka, kwa njia pekee niliyokuwa nayo.

Jana wametangaza wawili waliochaguliwa. Mimi ni mmoja. Nitaanza nikimaliza chuo. Nimempigia mama, amelia kwa furaha. Chumba naendelea nacho hiki hiki. Naomba nije mapumziko ya mwezi wa kumi, tukae tuongee ana kwa ana. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mziwanda


2 Oktoba

Mziwanda,

Hujambo. Nimechelewa kukujibu. Kila nikishika kalamu nilikuwa na jambo baya la kuandika, nikawa nangoja liishe. Halijaisha, lakini leo lori linaondoka.

Wenye kiwanda wapya wameingia. Walituita ofisini mmoja mmoja. Mama Pacha alikuwa wa kwanza. Foronya alikuwa wa pili, akatoka akiwa ameshika kofia yake ya wavu, hajui aitupe au aivae. Kwenye laini yangu wamepunguza watatu, na kwenye kila laini vivyo hivyo. Kumi na mmoja waliobaki hawana zamu ya pumzi. Stoo imefungwa, ufunguo ninao mimi.

Ndiyo, mimi. Niliitwa wa mwisho. Meneja alitoka nami mpaka kwenye mkanda, akaniwekea koti jipya mabegani mbele ya watu wote, akasema, "Ripoti yenyewe imesema huyu abaki na apande. Kuanzia leo ndiye mkuu wa zamu." Akapiga makofi peke yake.

Foronya alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake vya zamani. Aliniangalia na lile koti, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekumbuka kitu. Wenzangu waliniuliza ni nani aliyemfundisha yule mwanamke habari za mluzi. Ningewaambia ni mdogo wangu, aliyesikia kwangu. Ningewaambia sikujua. Nikiwa na koti lile mabegani, wewe ungeniamini? Nikawasha mkanda, wakajijibu wenyewe. Sasa nikiingia chumba cha chai wanakumbuka kazi. Ungeniacha nifukuzwe nao. Leo ningekuwa nimekaa na Foronya kwenye ngazi ya nyumba yake tunatukana benki. Hicho ndicho ulichoninyima kwa kunilinda.

Na bado sijaliacha koti, maana mama na bega lake wananitegemea mimi. Hilo unalijua, ndiyo maana uliandika ule mstari.

Nilimwendea Mama Pacha kwake. Shule ilishaajiri mpishi mwingine. Nikamwambia alete watoto kwa mama wakati akitafuta kazi. Kwa hiyo pacha wanashinda kwetu. Mama amewapenda. Mama, ambaye hajui lolote, anamsimulia Mama Pacha kila asubuhi habari zako: binti yangu yuko benki, binti yangu anakaa na wakubwa, binti yangu ana moyo. Amemwonyesha picha yako iliyoko ukutani, ile ya shule ya msingi yenye pengo. Mama Pacha akasema unaonekana mtoto mpole.

Juzi mama amempa anwani yako. Amemwambia aende mwenyewe aongee nawe, kwamba mtu wa benki kubwa hakosi pa kumwingiza mama wa watoto wawili, hata kufagia. Mama Pacha alikuja kuniuliza kama si usumbufu. Alikuwa amesuka nywele tayari.

Alikuona stoo, karibu kuliko mimi. Atakujua ukishafungua mlango. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia, neno moja tu lingetosha. Nilikaa nalo mdomoni kutwa nzima, kisha nikamwambia haina usumbufu.

Yuko kwenye lori hili hili, amekaa mbele na dereva. Barua hii amebeba yeye, nimeifunga kwa gundi. Watoto amewaacha kwa mama, kwa hiyo akifika maziwa yatakuwa yamemjaa. Mpe chumba chako ajifungie akamue, kabla hamjaongea chochote.

Kaka yako